Prosesa ya laptopu yako inatoka au imechomelewa? Namna ya kujua, kununua na kuibadilisha

"Kaka hii laptopu yangu ni i3, naweza kuweka i7?" Swali hili mafundi wanaulizwa kila siku, na majibu yanayotolewa ni mawili, "inawezekana lete hela" au "haiwezekani nunua nyingine", na yote mawili yanaweza kuwa uongo kutegemea na mashine. Jibu halipo kwenye i3 wala i7, lipo kwenye soketi, yani pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi (bodi kuu ya laptopu). Kuna laptopu prosesa imepachikwa kwenye soketi, unazungusha skrubu moja inatoka mkononi, na kuna ambazo imechomelewa kwenye bodi kwa vidonge vidogo vya risasi na haitoki ng'o bila mashine maalumu ya moto.

Kwa Intel, soketi za laptopu ziliishia kizazi cha 4 (zile namba zinazoanza na 4, mfano i7-4702MQ), kile cha Haswell kilichotoka 2013. Kuanzia kizazi cha 5 kwenda juu laptopu za kawaida zote zimechomelewa, ukiacha yale manene ya gemu yaliyotumia prosesa za dekstopu. AMD nao soketi yao ya mwisho ya laptopu ni FS1r2 ya 2012 na 2013. Kwa hiyo kama mashine yako ni kizazi cha 6, 7, 8 na kuendelea, usijisumbue kufungua, nenda kaongeze RAM.

Ila ukiingia Kariakoo au Luthuli pale Nairobi, zile laptopu za maofisi ya Ulaya ambazo Wakenya wanaziita ex-UK, bado utakuta EliteBook 8460p na 8470p, Latitude E6420, E6430 na E6440, ThinkPad T420, T430 na T440p. Hizo zote ni za miaka ya soketi. Ni mashine ngumu, vipuri vipo, na nyingi zilikuja na i5 ya viini 2 (cores, yani vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) wakati bodi yake inabeba i7 ya viini 4 bila shida. Mwongozo huu ni wa hizo.

Kabla ya yote, je inakulipa?

Nianze na hili maana wengi wanarukia prosesa wakati tatizo ni diski. Kama bado unatumia ile diski ya kuzunguka, weka SSD kwanza. Kama RAM ni 4GB, fikisha 8 au 16. Hayo mawili utayaona siku hiyo hiyo, ila prosesa utaiona tu kama unafanya kazi zinazoila prosesa kweli, mfano kukata video, kurenda, kukompaili, kuendesha mashine za ndani kwa ndani kama VirtualBox, au kufungua faili kubwa za AutoCAD.

La pili, herufi i7 isikubabaishe. i5-3320M ina viini 2 na thredi 4 (kazi inazobeba kwa wakati mmoja), tabo yake, yani kasi ya juu inayojipandisha yenyewe kwenye kazi nzito, inafika 3.3GHz. i7-3520M nayo ina viini 2 na thredi 4, tabo 3.6GHz. Yani unalipa hela ya i7 unapata tofauti ambayo hata saa ya ukutani haiioni. Kuruka kwenyewe ni kutoka viini 2 kwenda viini 4, na hiyo unaijua kwa herufi za mwisho: QM kwa kizazi cha 2 na cha 3, MQ kwa kizazi cha 4. Mtu wa i3-2330M, ambayo haina hata tabo inakaa 2.2GHz maisha yake yote, akiweka i7-2670QM yenye viini 4, thredi 8 na tabo 3.1GHz, huyo ndio atakuja kukushukuru.

Na la tatu, kama lengo lako ni Windows 11, prosesa ya soketi haitakusaidia. Microsoft kwa upande wa Intel wanakubali rasmi kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 yenyewe saporti yake ya kawaida iliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ukitoka i3 ya kizazi cha 3 kwenda i7 ya kizazi cha 3 bado uko nje ya orodha. Mimi mashine hizi naziwekea Linux Mint na zinakimbia vizuri sana, ila hayo ni mapenzi ya mtu.

Hatua ya 1: Jua una prosesa gani na imekaaje

Jina la prosesa kwenye Windows utalipata Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza CPU. Andika jina zima mpaka herufi ya mwisho, usiandike "i5" tu ukaishia hapo.

Herufi za mwisho zinakupa mwanga. U na Y, imechomelewa. HQ, imechomelewa. UM na LM za zamani, zimechomelewa. M, QM, XM, na kwa kizazi cha 4 M, MQ na MX, hizo ndio zinazoweza kuwa za soketi. Nasema "zinazoweza" kwa makusudi kabisa, kwa sababu kwenye kizazi cha 2 hata zile za umeme mdogo waliziandika M, mfano i3-2367M na i5-2467M za wati 17, hizo zimechomelewa. Na mbaya zaidi, prosesa moja kwa jina lile lile ilitengenezwa kwa namna mbili. i5-3320M kwenye ThinkPad T430 iko kwenye soketi, i5-3320M hiyo hiyo kwenye X230 imechomelewa. Intel wenyewe kwenye ukurasa wa hiyo prosesa wameandika FCPGA988 na FCBGA1023 zote mbili. Shika hapo kwenye PGA na BGA: PGA ina pini chini yake inaingia kwenye soketi, BGA ina vidonge vya risasi, inachomelewa.

Kwa hiyo usiishie kwenye jina. Daunilodi CPU-Z, ni ndogo na ya bure, angalia mstari wa Package. Ukiona Socket 988B rPGA, au 947 rPGA, vizuri. Ukiona neno BGA, pole. Kwa wa Linux fungua tamino uandike:

sudo dmidecode -t processor

halafu tafuta mstari wa Upgrade. Ukikuta Socket rPGA988B umejua. Angalizo, hiyo taarifa inatoka kwenye BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine) na kuna watengenezaji walijaza ovyo, utakuta imeandikwa Other au kitu kisichoeleweka, usiichukulie kama msahafu.

Cha kuaminika kuliko vyote ni kitabu cha matengenezo cha mashine yako. HP wanakiita Maintenance and Service Guide, Lenovo wanakiita Hardware Maintenance Manual, Dell wana Owner's Manual au Service Manual, zote ni PDF za bure kwenye saiti zao. Nenda kwenye orodha ya vipuri. Kama prosesa zimeorodheshwa peke yake kila moja na namba yake ya kipuri, ina maana inatoka. Kama mazabodi ndio imeorodheshwa "pamoja na prosesa", imechomelewa, funga kitabu. Kitabu hicho hicho kitakuonyesha namna ya kufungua hatua kwa hatua na picha, na kitakwambia prosesa kubwa kabisa waliyoiweka wao kiwandani kwenye modeli hiyo. Mafundi wengi hawakifungui, sijui kwa nini.

Hatua ya 2: Jua familia ya soketi yako

Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Prosesa za laptopu hazichanganyiki kati ya familia, hata kama zinafanana kwa macho.

Mashine za Core 2 Duo zina soketi mbili, M ya 2006 na P ya 2007, zote zina pini 478 na ukizishika mkononi unaweza kuapa ni kitu kimoja, ila haziingiliani. Kiukweli mashine za Core 2 sishauri uzitolee hela kwa sasa, labda fundi akupe ya bure.

Kizazi cha kwanza cha Core i, zile i5-520M na i7-720QM, ni soketi G1, jina lingine rPGA988A. Kuna mtego mkubwa hapa. Zile za viini 2 zina grafiki ndani yake, lakini za viini 4 za kizazi hicho, i7-720QM, 740QM, 820QM na wenzake, hazina grafiki kabisa. Kama laptopu yako haina kadi ya Nvidia au AMD ya kwake, ukiweka 720QM skrini itabaki nyeusi na utalaumu muuzaji bure. Prosesa ni nzima, haina tu cha kutolea picha.

Kizazi cha 2 na cha 3, Sandy Bridge na Ivy Bridge, 2011 na 2012, ni soketi G2, rPGA988B. Japo namba ni ile ile 988, ya G1 haikai kwenye G2 wala kinyume chake. Hii ndio familia tamu kuliko zote kwa sababu prosesa zake zimejaa na bei zimeshuka.

Kizazi cha 4, Haswell, ni soketi G3, inaandikwa rPGA946B au 947. Hii ndio ya mwisho. T440p, Latitude E6440, ProBook 640 G1 na 650 G1 ziko hapa. Uwe makini na majina yanayokaribiana: T440p ina soketi, lakini T440 na T440s zimechomelewa, herufi moja tu inabadilisha kila kitu. EliteBook 840 G1 nayo imechomelewa japo ni ya umri ule ule na ProBook 640 G1.

AMD kwa ufupi: soketi S1 yenye pini 638 ilianza 2006 na ikawa na matoleo yasiyoelewana, FS1 ya 2011 yenye pini 722 ni ya A4, A6 na A8 za namba 3000, FS1r2 ni ya namba 4000 na 5000 zinazoishia na M, mfano A8-4500M na A10-5750M.

Hatua ya 3: Chipseti na BIOS

Soketi kukubali haitoshi, BIOS nayo lazima iitambue prosesa. Mfano mzuri ni hiyo G2. Laptopu za chipseti (chipu kuu ya bodi inayosaidiana na prosesa) ya 7, yani HM76, HM77, QM77, zinakubali kizazi cha 3 na kwa kawaida hata cha 2. Zile za chipseti ya 6, yani HM65, HM67, QM67, zilitoka na kizazi cha 2, na kitaalamu zinaweza kubeba cha 3, lakini mpaka mtengenezaji awe ameiweka kwenye BIOS, na wengi hawakuiweka. ThinkPad T420 ni hivyo, kwa BIOS ya Lenovo kizazi cha 3 hakiwaki. Wapo wanaofuta BIOS wakaweka coreboot, ambayo ni BIOS huria, na inakubali, ila hiyo ni kazi ya kushika chipu ya BIOS kwa klipu na programa, kama hujawahi kufanya usijifunzie kwenye mashine unayoitegemea.

Kanuni yangu ni rahisi: kama kitabu cha matengenezo cha modeli yako kimeitaja hiyo prosesa, nunua. Kama hakijaitaja lakini ni kizazi kile kile na wati zile zile, mara nyingi itawaka, tafuta mtu mwingine mwenye modeli hiyo hiyo aliyeifanya kwanza. Kama ni kizazi tofauti na hakijaitajwa, achana nayo.

Hatua ya 4: Joto na umeme

Prosesa za viini 2 za kizazi cha 2 na 3 ni wati 35. Za viini 4 nyingi ni wati 45, na zile za XM ni wati 55. Kwenye kizazi cha 4, viini 2 ni wati 37, viini 4 nyingi ni wati 47. Zile wati 10 za ziada zinakuwa joto, na hilo joto lazima litoke kupitia hitisinki (kile chuma cha kupozea kinachokaa juu ya prosesa) na feni ambazo zilipimwa kwa ajili ya prosesa ndogo.

Kwa laptopu za inchi 14 mimi sishauri mtu akimbilie namba kubwa. Tafuta zile kwadi, yani za viini 4, zilizotengenezwa kwa umeme mdogo: i7-3612QM na i7-3632QM ni wati 35, sawasawa na ile i5 unayoitoa, kwa hiyo hitisinki yako ya zamani haistuki. Kwa kizazi cha 4 ni i7-4702MQ na i7-4712MQ za wati 37. Kasi yake iko chini kidogo ya wakubwa zake ila haishuki ikipata moto, wakati i7-3740QM kwenye hitisinki dogo inaanza kwa mbwembwe halafu baada ya dakika kadhaa inajishusha yenyewe. Kwenye mashine za inchi 15 zenye feni kubwa, hapo weka ya wati 45 bila wasiwasi.

Halafu angalia hitisinki. Modeli moja inaweza kuwa na hitisinki mbili tofauti, ya mashine yenye grafiki za Intel tu na ya mashine yenye kadi ya grafiki, na hiyo ya pili ina shaba nyingi zaidi. Wenye T440p wanaoweka kwadi wengi wananunua hiyo ya pili hata kama hawana kadi ya grafiki, na inasaidia kweli.

Chaja nayo. Kama unatumia ya wati 65, panda mpaka 90 ukiweka kwadi ya wati 45. Na hizi chaja feki za mtaani zilizoandikwa wati 90 kwenye stika, wenye Dell mnajua, laptopu ikishindwa kuitambua chaja inakuletea ujumbe wakati wa kuwaka halafu inaishusha prosesa mpaka kasi ya chini kabisa. Mtu anabadilisha prosesa mara mbili kumbe tatizo ni chaja.

Hatua ya 5: Kununua

Juu ya prosesa kuna kodi (code) ya herufi na namba inayoanzia na SR kwa Core i za kizazi cha 2 mpaka 4, au SL kwa nyingi za nyuma yake. Mwambie muuzaji akutumie picha ya juu inayosomeka na picha ya chini ya pini. Ile kodi itafute mtandaoni, inakwambia hasa ni prosesa ipi na ni ya PGA au BGA. i7-3520M ya soketi kwa mfano ni SR0MT. Ukiona kodi inaanza na Q badala ya S, na pengine imeandikwa Intel Confidential, hiyo ni sampuli ya majaribio ya kiwandani. Zinauzwa rahisi na baadhi zinawaka, ila BIOS nyingi hazizitambui, mimi sinunui.

Pini zikague kwa mwanga wa pembeni, shika prosesa sambamba na jicho uangalie mstari mmoja mmoja wa pini kama umenyooka. Pini moja iliyolala kidogo unaweza kuinyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi, pole pole. Iliyokatika, mrudishie mwenyewe. Na isafiri kwenye kiboksi chake cha plastiki au imechomekwa kwenye sponji ya kuzuia umeme tuli, sio mfukoni na funguo.

Sehemu ambayo watu wanaisahau ni kwa fundi wa mtaani mwenye rundo la mazabodi mbovu. Bodi ikifa, prosesa ya soketi mara nyingi inabaki nzima. Ukienda na kodi ya unachotafuta anaweza akakupa kwa bei ya soda, na zuri zaidi unaipima hapo hapo.

Hatua ya 6: Kabla hujafungua

Apdeti BIOS sasa hivi, ukiwa bado na prosesa ya zamani. Hii watu wanaifanya kinyume, wanaweka prosesa mpya haiwaki, halafu hawawezi kuapdeti kwa sababu haiwaki. Betri iwe na chaji na chaja iwe imechomekwa, umeme ukikatika katikati ya kuapdeti una tofali, yani mashine haiwaki tena.

Kama Windows yako ina BitLocker (kufuli la diski la Windows), isimamishe kwanza na uwe na ule ufunguo wa kuirejesha, maana mabadiliko ya BIOS na vifaa yanaweza kuifanya ikudai namba ndefu ambayo hukumbuki uliihifadhi wapi. Kopi faili zako muhimu. Halafu endesha HWiNFO au HWMonitor, uandike joto la sasa mashine ikiwa imetulia na ikiwa inafanya kazi nzito, ili baadaye uwe na cha kulinganisha.

Vifaa: bisibisi ya nyota ndogo, bisibisi bapa, themo pesti nzuri, yani ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki (Arctic MX-4 inapatikana na inatosha), isopropili ya asilimia 90 kwenda juu au ukikosa spiriti safi ya duka la dawa, kitambaa kisichoacha nyuzi, na kadi ya plastiki ya zamani ya kubanulia.

Hatua ya 7: Kufungua

Washa mashine dakika chache ipate vuguvugu, pesti ya zamani inalainika na hitisinki inatoka bila kung'ang'ania. Izime kabisa, toa chaja, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kadhaa kumaliza umeme uliobaki. Gusa chuma kisichopakwa rangi ili utoe umeme tuli mwilini, na usifanyie juu ya zulia.

Njia ya kufika inategemea mashine. EliteBook 8460p na 8470p ndio starehe, unasukuma lachi mfuniko wote wa chini unatoka, hitisinki hiyo hapo. Latitude E6430 ni skrubu chache za mfuniko wa chini. T430 unapitia juu, unatoa kibodi halafu ile sehemu ya kuwekea viganja. T440p unatoa mfuniko mdogo, kisha DVD, kisha kava zima la chini. Skrubu zinatofautiana urefu, chora umbo la laptopu kwenye karatasi uwe unazipanga pale zilipotoka. Skrubu ndefu ikiingia tundu la fupi inatoboa kitu upande wa pili.

Chomoa waya wa feni kwa kushika plagi yake, sio kwa kuvuta waya. Skrubu za hitisinki zimeandikwa namba 1, 2, 3, 4 kwenye chuma. Zilegeze kidogo kidogo kwa zamu, usimalize moja ukahamia nyingine. Kisha izungushe kidogo kushoto kulia mpaka iachie, ndio unyanyue. Usiinyanyue kwa nguvu upande mmoja, chipu ya prosesa ya laptopu iko wazi, haina kofia ya chuma kama ya dekstopu, na kona yake ikipata mkwaruzo mzito inamegeka.

Hatua ya 8: Soketi yenyewe

Pembeni ya prosesa utaona skrubu moja bapa na alama mbili za kufuli, moja limefungwa na moja limefunguliwa. Weka bisibisi bapa, zungusha nusu mzunguko kinyume cha saa mpaka kwenye kufuli lililofunguliwa. Inakuwa ngumu kidogo halafu inaachia. Haitoki hiyo skrubu, usiendelee kuizungusha.

Prosesa sasa imelegea, ishike kingo mbili uinyanyue wima kama ilivyo. Angalia kona moja ina pembetatu ndogo, na soketi nayo ina kona inayolingana ambayo matundu yake yamepungua. Prosesa mpya unaipanga kwa kona hiyo na kuiachia, inadumbukia yenyewe kwa uzito wake. Kama haijalala chini kabisa pande zote nne usiibonyeze, inyanyue, kagua pini, kagua mwelekeo, rudia. Ikishakaa, ishikilie kwa kidole kimoja bila kukandamiza na uzungushe skrubu nusu mzunguko kwenda kwenye kufuli lililofungwa. Basi, sehemu ambayo kila mtu anaiogopa imeisha na haikuchukua hata dakika mbili.

Hatua ya 9: Pesti

Futa pesti ya zamani kwenye hitisinki mpaka shaba ing'ae, futa na chipu. Weka tone dogo kama punje ya mchele katikati ya chipu, halafu kwa kuwa iko wazi mimi napendelea kuisambaza nyembamba kwa ile kadi mpaka uso wote ufunikwe. Kwenye zile za kizazi cha kwanza za viini 2 utaona chipu mbili pale juu, moja ya prosesa na moja ya grafiki, zote zinapakwa. Kama hitisinki inagusa na kadi ya grafiki, safisha na paka huko pia. Zile pedi laini za rangi ya kijivu au bluu zinazokaa kwenye chipu za memori usizitupe ukaweka pesti badala yake, pesti haizibi ule mwanya.

Rudisha hitisinki wima, kaza skrubu kwa mpangilio wa namba, mzunguko kidogo kila moja mpaka zote zikaze. Chomeka feni. Narudia, chomeka feni.

Hatua ya 10: Kuwasha na kupima

Washa kabla hujarudisha mifuniko yote, ila usiache waya wazi. Mara ya kwanza skrini inaweza kukaa nyeusi muda mrefu kuliko kawaida, au ikajizima na kujiwasha yenyewe, subiri. Ingia BIOS uone jina la prosesa mpya na RAM yote ipo. RAM ikionekana nusu, mara nyingi ni pini iliyolala au prosesa haijakaa sawa.

Kwenye Windows au Linux huhitaji kufomati. Fungua HWiNFO na uendeshe Cinebench, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, kwa Linux kuna stress-ng. Prosesa hizi kikomo chake cha joto ni nyuzi 100 mpaka 105 kutegemea modeli, zikifika hapo zinajishusha. Kwenye kazi nzito ukiwa kwenye 80 na kitu uko salama. Ikipanda mpaka 95 ndani ya sekunde chache tangu uanze, hitisinki haijagusa vizuri, fungua uangalie alama ya pesti kama imesambaa au imebanwa upande mmoja. Kwa wenye Haswell mna bahati, ThrottleStop inaruhusu kupunguza volti kidogo na joto linashuka bila kupoteza kasi, anza na kidogo na upime.

Na kama haiwaki kabisa

Feni inazunguka, skrini nyeusi, hakuna mlio. Usianze kulia. Toa RAM zote, rudisha moja tu, jaribu. Toa prosesa, kagua pini, irudishe. Chomoa ile betri ndogo ya BIOS dakika chache, irudishe. Kama ni i7 ya kizazi cha kwanza kumbuka lile suala la grafiki. Kama bado, rudisha prosesa ya zamani. Ikiwaka na ya zamani, bodi na soketi ni nzima, kwa hiyo ni BIOS haiitambui mpya au mpya yenyewe ni mbovu, na namna ya kutofautisha ni kuijaribu kwenye mashine nyingine ambayo kitabu chake kimeitaja. Fundi mwenye 8470p au T430 dukani anaweza kukupimia kwa dakika kumi. Ikigoma na huko, piga picha, unganisha na zile picha za pini ulizoomba kabla ya kulipa, umrudie muuzaji.

Kwa wale mliogundua hatua ya kwanza kwamba yenu imechomelewa, msikubali fundi anayesema atang'oa BGA ya i5 apachike ya i7. Mashine za kufanya hivyo zipo na wapo wanaoziweza, ila ukijumlisha chipu, kazi na uwezekano wa bodi kufa, ni nafuu kununua mazabodi nzima ya modeli yako hiyo hiyo ambayo tayari ina i7 juu yake. Inaingia kwenye kasha lile lile, skrubu zile zile, na kabla hujalipa hakikisha haina neno la siri la BIOS la ofisi ya zamani.